Picha Yajaza Sufuria?

Mwezi uliopita tulikuwa tukiwasimulia wanafunzi habari za kisiwa cha Unguja, ambako wageni hutoka nchi za mbali ili kupiga picha za kima punju katika msitu wa Jozani, kisha hurudi kwao bila kumgusa hata mmoja. Kijana wa nyuma akainuka, akasema: "Mwalimu, picha yajaza sufuria?" Darasa zima likacheka. Sisi hatukucheka, kwa maana katika nyumba nyingi za Pangi swali hilo huulizwa kila jioni.

Tukawapa habari ya karibu. Ng'ambo ya Lualaba, upande wa machweo, kati ya mito Lomami na Tshuapa, yuko kima aitwaye lesula. Uso wake ni mrefu na mtulivu, macho yake kama ya mtu, na manyoya ya rangi ya majani makavu yameuzunguka. Hupenda kutembea chini kuliko juu ya miti, na alfajiri hulia kwa sauti nzito isikikayo mbali. Wawindaji wa huko walimjua tangu kale, nao ndio waliomwita jina. Wataalamu hawakuwa na habari zake. Mwezi wa Juni 2007 kundi la watafiti la John Hart na mkewe Terese lilimkuta lesula mchanga amefugwa nyumbani kwa mkuu wa shule ya msingi huko Opala, wakampiga picha. (Twafurahi kidogo kwamba jambo hili lilianzia kwa mwalimu.) Kutokana na picha ile utafiti ukaanza, na mwaka 2012 lesula akaandikwa rasmi katika elimu ya wanyama, kwa jina lile lile la wenyeji. Mwaka 2016 serikali ikatenga Hifadhi ya Taifa ya Lomami, kilomita za mraba 8,879, katika Tshopo na Maniema yetu.

Huko Tanzania mambo yalikwenda mbali zaidi. Kipunji wa mlima Rungwe alipotangazwa mwaka 2005, wataalamu hawakuua mmoja ili kuonyesha ngozi yake, kama ilivyokuwa desturi. Waliweka picha mahali pa ngozi.

Siku hizi kamera hufungwa kwenye shina la mti na kuachwa peke yake. Mnyama mwenye joto apitapo, hujipiga yenyewe, usiku na mchana. Babu zetu wangeuita mtego, ila mtego huu humwacha mnyama aende zake.

Na sufuria je? Tulimjibu kijana kwamba la, picha haiijazi. Kusema vingine ni kudanganya watoto. Lakini nyama ya mwitu iliyofungwa juu ya baiskeli kupelekwa soko la Kindu nayo haiijazi sufuria ya Pangi. Huliwa na wenye fedha mjini, na kijijini hubaki noti chache na msitu ulionyamaza. Kima jike huzaa mtoto mmoja tu kwa mara moja, basi hesabu yake si ya kuku. Marehemu Papa Fransisko, katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, alisikitikia viumbe wanaotoweka ambao watoto wetu hawatawaona kamwe.

Vijana wengine hupiga picha wakimshika mkia mnyama aliyekufa, wakazipeleka kwa rafiki zao. Hizo hatuzipendi.

Jumamosi iliyofuata kijana yule aliazima simu ya kaka yake, akaketi alfajiri kandokando ya mto Elila. Alituletea picha moja ya hondohondo, mdogo kama nukta juu ya mti. Babu yake amemtajia jina la ndege huyo kwa Kirega, naye ameliandika kwenye daftari, pamoja na tarehe.