Haidrojeli Igande Kidondani, Isigande Stoo

Samli hushika kwa baridi na kuyeyuka kwa joto. Haidrojeli zinazoitika joto hufanya kinyume: zikiwa baridi humiminika kama maji, zikipata joto la mwili huganda. Dawa ya namna hii humiminwa juu ya kidonda cha moto, ikajaza kila bonde lake, kisha ikashika. Siku ya kubadilisha, maji baridi huiyeyusha pasipo kuvuta ngozi changa. Kwa mtoto aliyeungua mafigani, anayelia kila chachi iliyokauka inapobanduliwa, hilo si jambo dogo.

Hoja yangu ni kuhusu kizingiti cha joto. Watafiti wengi hulenga nyuzi 37, joto la ndani ya mwili. Ngozi ya nje haifiki huko. Kwa kawaida huwa kati ya nyuzi 32 na 35, na wodi ikiwa baridi hushuka zaidi. Jeli inayosubiri nyuzi 37 itatiririka hadi kwenye shuka. Kwa upande mwingine, poloksama 407, polima iliyozoeleka katika famasia, ikiwa asilimia 20 ya mchanganyiko huganda karibu na nyuzi 25 au chini yake. Sanduku la dawa likipigwa na jua njiani kutoka Babati kupitia Katesh hadi Haydom, litafika na jeli tayari. Ukipunguza polima kizingiti hupanda, lakini jeli hudhoofu. Nafasi ya kuchezea ni nyembamba, na wilayani Mbulu huzidi kubana: nyanda za juu mwezi Julai zina baridi ya kutetemesha, ilhali Bonde la Yaeda lina joto kali. Tusijibu haraka kwamba jokofu litatatua. Zahanati yenye jokofu moja huliwekea chanjo kwanza, na ni haki.

Wapo wanaopendelea haidrojeli za mmenyuko wa kikemia: vimiminika viwili vikikutana, molekuli hufungamana na jeli hairudi kuwa maji. Ndani ya mwili, ambako jeli ya joto peke yake humomonyoka ndani ya siku chache, uimara huo unahitajika. Juu ya kidonda cha moto siuoni umuhimu wake, kwa kuwa unatunyang'anya ule wepesi wa kuosha kwa maji baridi. Tena mmenyuko huchelewa penye baridi na kuharakishwa na joto. Muuguzi wa Yaeda na mwenzake wa Mbulu mjini hawatakuwa na dakika zilezile za kuchanganya na kupaka.

Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, iliyofunguliwa mwaka 1955, ina uzoefu wa miaka mingi wa utafiti. Wabunifu wa haidrojeli waanzie huko na katika zahanati zinazoizunguka, kabla kiasi cha polima hakijaamuliwa. Wapime joto la stoo za dawa usiku na mchana kwa mwaka mzima, na joto la ngozi ya wagonjwa wodini mwezi Julai. Kazi hiyo huhitaji kipimajoto, daftari na mtu wa kuandika.