KICHWA KINABANA, SHINGO HAIJAGUSWA (Sehemu ya 3)

Jamani, leo nitawaudhi baadhi yenu, wakiwemo wauguzi wenzangu.

Mtu anakuja, kichwa kinambana pande zote mbili kama amefungwa kamba, wiki ya tatu sasa. Tunampima presha. Tunampima malaria. Hakuna kitu. Anapewa Panadol, anaambiwa "punguza mawazo", anayefuata! Niambieni, nani aliweka kidole kwenye panja zake? Kisogo je? Taya? Mabega?

Halafu tunashangaa huyohuyo akienda kulipia "kipimo cha mwili mzima", anashikishwa kichuma, kompyuta inamtolea karatasi kwamba misuli imekakamaa. Kichuma hakipimi msuli. Ni wizi.

Kipimo cha kweli cha ugumu wa msuli kipo, kinaitwa elastografia. Ni utrasaundi inayopitisha wimbi ndani ya msuli na kuangalia kasi yake. Msuli ukiwa mgumu, wimbi linakimbia zaidi. Chombo kizuri, sikikatai. Ila hata kikisema msuli ni mgumu, hakikuambii kama ugumu ndio ulioleta kichwa au kichwa ndicho kilicholeta ugumu. Wakubwa waliwahi kuteleza hapo. Mwaka 1962 wataalamu wa Marekani waliyaita maumivu haya kwa jina la misuli kujikaza. Mwaka 1988 uainishaji wa kimataifa ukaliacha jina hilo, maana ushahidi haukutosha.

Kinachokutwa mara nyingi zaidi kwa wagonjwa hawa ni msuli kuuma ukibonyezwa. Na hicho hakihitaji mashine! Vidole viwili, cha shahada na cha kati, unabonyeza huku unazungusha taratibu. Sehemu 8 kila upande, kila moja alama 0 hadi 3. Jumla haizidi 48. Bure kabisa.

Mtasema foleni ndefu. Najua, nipo humohumo. Lakini mbona muda wa kuandika diklopa unapatikana?

Na hapa ndipo panaponiuma. Mtu akimeza Panadol siku 15 au zaidi kila mwezi, kwa zaidi ya miezi 3, dawa yenyewe inaweza kuwa ndiyo inamrudishia kichwa. Anarudi dirishani, tunamwongezea. Huyo mgonjwa tunamtengeneza sisi.

Ngoja, nisieleweke vibaya. Homa na shingo iliyokaza mpaka kidevu hakishuki kifuani, kichwa kilichouma ghafla kwa nguvu zote, mkono au mguu uliolegea: hapo hakuna cha kubonyeza, kimbia hospitali saa hiyohiyo.

Wewe mwingine, ukikaa mbele yetu, taja siku ngapi mwezi huu umemeza dawa. Kisha sema, "Sista, naomba unishike na shingo." Akikununia, kaa hapohapo, rudia.

Sehemu ya 4 kesho jioni.