KONA YA MICHEZO: Shika Raketi Kama Unavyosalimiana

Mwezi huu tunazungumzia mpira wa meza, ule watoto wanauita pingipongi. Mara nyingi tunaona mtoto akipewa raketi anaikamata kama jembe au kama mwiko wa kusonga ugali. Baada ya wiki mbili mkono unamuuma, anasema mchezo umemkataa. Jamani, mchezo haujamkataa, ni mkono tu haujafundishwa.

Anza na salamu. Nyosha mkono wa kulia kama unamsalimia mtu. Mwenzako akuwekee mpini kiganjani. Shingo ya raketi ikae kati ya kidole gumba na kidole cha shahada, vidole vitatu vizungushe mpini. Gumba lilale chini kidogo upande wa mbele. Kidole cha shahada kilale upande wa nyuma, kufuata ukingo wa chini wa raketi.

Usikamue. Shika kama umebeba kifaranga: kisife, kisitoroke. Wengi wetu tulivuka Busia na Malaba mwanzoni mwa 2008, baada ya vurugu za uchaguzi wa Kenya, tukakaa kambi ya Mulanda, wilaya ya Tororo, kabla ya kuletwa Kiryandongo mwaka huo huo. Waliopita Busia wanawajua vijana wa baiskeli za boda boda, jina lililozaliwa huko mpakani, kwa kupeleka watu kutoka boda hadi boda. Dereva mzuri hakabi usukani, maana akiukaba hawezi kukwepa shimo. Raketi nayo ni hivyo. Mpira unakuja kulia au kushoto ghafla, na mkono uliokaza unachelewa.

Sasa mapigo yenyewe:

1. Pigo la upande wa kiganja: kidole cha shahada kikaze kidogo, kwa sababu ndicho kinachosukuma raketi kutoka nyuma. Gumba lilegee.

2. Pigo la upande wa mgongo wa mkono: gumba lipande kidogo na likandamize raketi. Kidole cha shahada kilegee.

3. Kukata mpira chini: usibadilishe mshiko. Fungua uso wa raketi uangalie juu kidogo, kisha sukuma mbele na chini taratibu.

4. Pigo la nguvu: kaza pale tu raketi inapogusa mpira, halafu legeza tena.

5. Kuanzisha mpira: hapa unaweza kuachia vidole vitatu vya chini, ushike kwa gumba na shahada tu, ili kifundo cha mkono kicheze vizuri. Mpira ukae juu ya kiganja kilichofunguka, urushwe juu angalau sentimita 16, upigwe ukishuka. Ukishapiga tu, rudisha vidole vyako.

Kuna pia mshiko wa kalamu, wa wachezaji wengi wa China. Ma Lin alishinda dhahabu ya Olimpiki Beijing mwaka 2008 kwa mshiko huo. Ni mzuri, lakini anayeanza aanze na ule wa salamu, kwani pande zote mbili za raketi zinatumika kirahisi.

Kama meza haipo, simama uani urushe mpira juu ya raketi mara 20, upande huu, halafu upande ule. Raketi ya mbao mliyochonga nyumbani pia inafaa. Mpini wa mtoto uwe mwembamba, na uviringishiwe kipande cha tyubu ya baiskeli usiteleze.

Wazazi, tunaomba jambo moja. Mtoto wa mkono wa kushoto asilazimishwe kucheza kwa kulia. Tunajua kusalimia kwa kushoto ni kukosa adabu, basi asalimie kwa kulia na acheze kwa kushoto.

Na mchezo ukiisha, wachezaji wapeane mikono, awe ameshinda au ameshindwa. Baadhi yetu tulikimbia kwa sababu jirani alikataa kutupa mkono. Watoto wetu wakizoea kumpa mkono kila mtu pale mezani, wa kabila lolote na wa nchi yoyote, watakuwa wamejifunza zaidi ya mchezo.

Tukutane mwezi ujao, Mungu akipenda.