WENZETU HUANDIKIANA, SISI HULALAMIKA



Ndugu Waislamu, kila anapobatizwa mmoja wetu, huzuka misikitini maneno yale yale: kapewa nguo, kalipiwa ada, kadanganywa. Hakuna anayeuliza mtu huyo alipougua ni nani katika maamuma aliyekwenda kumjulia hali.

Wenzetu walikwisha kujiuliza maswali ya namna hiyo. Mwaka 1906 wamisionari wanaofanya kazi kati ya Waislamu walikutana Cairo chini ya Samuel Zwemer, wakaelezana walichofaulu na walichoshindwa. Mwaka 1911 wakakutana tena Lucknow, India, na mwaka huo huo likaanza jarida lao, The Moslem World, ili aliyeko Uarabuni ajifunze kwa aliyeko Afrika. Nia yao hatukubaliani nayo hata kidogo. Lakini utaratibu huo wa kushauriana, je, si sisi tulioamrishwa shura?

Tuje kwetu. Misafara ya Waislamu ilikuwa imekwisha kuizoea Tabora hata kabla Burton hajapita mwaka 1857, na White Fathers walifika mwaka 1878. Tulitangulia, basi, lakini wengi wa waliotangulia walifuata pembe na watumwa, na dini ikaja nyuma yao mabegani mwa wapagazi. Mwaka 1879 Dk. Ebenezer Southon wa London Missionary Society alifika Urambo kwa Mtemi Mirambo, ambaye alikuwa amepigana miaka mingi na Waarabu wa Tabora. Southon alikuja na dawa. Alifariki mwaka 1882, lakini kazi haikufa naye. Mwaka 1898 Wamoravian waliipokea, na wanayo hadi leo.

Hata Kitabu chetu walitutangulia kukifasiri. Kasisi Godfrey Dale wa UMCA alitoa tafsiri ya Qur'ani kwa Kiswahili mwaka 1923, ili wahubiri wake wapate cha kutujibia. Tafsiri kamili ya Sheikh Abdullah Saleh Al-Farsy ilitoka mwaka 1969. Miaka 46! Na katikati yake, mwaka 1953, Makadiani nao walikuwa wamekwisha kutoa ya kwao.

Ulyankulu, katika nchi ile ile ya Mirambo, somo hili lilirudi mlangoni petu. Wakimbizi wa Burundi walipoanza kupokelewa hapo baada ya mauaji ya mwaka 1972, Tanganyika Christian Refugee Service ilikuwa miongoni mwa waliojenga makazi hayo. Makanisa yalimea humo, na nyimbo za kwaya ya Barabara ya 13 zikasikika mbali na Tabora. Sisi tulipeleka nini? Watu wale si wageni tena: uraia wa Warundi zaidi ya 160,000 wa mwaka 1972 ulitangazwa mwaka 2010. Ni majirani, na wengine wao ni ndugu zetu katika Uislamu, ambao watoto wao wanahitaji ustadhi.

Mtu atasema tunayo mihadhara. Ni kweli, na Ngariba na Kawemba wa Ujiji waliifanyia kazi kubwa miaka ya 1980. Lakini mhadhara ni wa siku moja. Asiyejua kusoma Al-Fatiha humshangilia mhadhiri, kisha hurudi nyumbani vile vile. Tena baadhi ya wahadhiri wetu wa leo wamegeuza jukwaa kuwa mahali pa kejeli, ilhali Suratul-Ankabut, aya ya 46, inatukataza kujadiliana na Ahlul-Kitabu isipokuwa kwa njia iliyo bora.

Rai yetu kwa maimamu wa Ulyankulu, Urambo na Tabora ni hii. Kila msikiti uwe na daftari. Iandikwe ni nani amesilimu, nani ametoka na kwa sababu gani, mjane gani hana msaada, madrasa gani imefungwa kwa kukosa mwalimu. Kila baada ya miezi mitatu madaftari yakutanishwe, na maimamu wakae wasomeane, pamoja na yale ya aibu. Gharama yake ni daftari na kalamu, na mwezi ujao si mbali.

Wabillahi tawfiq.