Fundi, usitupe jina la mashine pamoja na kadi iliyoungua

Leo siongelei barabara wala usalama. Naongelea jambo dogo linalofanyika juu ya meza za mafundi wetu, ambalo linaweza kumfanya mtu mwema aitwe mwizi.

Kuna kijana alinijia redioni. Familia yake ilikimbia kusini mwa Lubero mwaka 2024, vita vilipofika Kanyabayonga. Sasa wako tisa katika vyumba viwili hapa Rughenda, kwa ndugu aliyewapokea. Katika vitu vichache walivyookoa kulikuwa na mashine, yaani laptopu, ambayo baba yake alimnunulia alipoingia chuo. Faktura yake aliibeba ndani ya mfuko wa plastiki, pamoja na diploma. Siku moja umeme uliruka, ukaunguza kadi mama, ile kadi kubwa ya ndani inayobeba vyote. Fundi akamwekea nyingine, iliyotoka kwenye mashine ya aina ileile iliyovunjika skrini. Mashine ikawaka. Kijana akalipa, akashukuru.

Baadaye wadogo zake walifukuzwa shuleni kwa kukosa karo, akaamua kuiuza. Mnunuzi alikuwa mwangalifu. Alisoma namba kwenye faktura, akageuza mashine, akasoma namba iliyobandikwa chini: zinafanana. Kisha akaiwasha na kufungua ule ukurasa wa mipangilio unaotokea kabla ya Windows kuanza. Humo kulikuwa na namba nyingine kabisa. "Kijana, hii mashine umeitoa wapi?" Watu wakaanza kukusanyika. Mnajua wenyewe neno "mwizi" linavyofanya kazi mtaani. Na mtu aliyekimbia vita hana jirani wa zamani wa kusimama na kusema, "Huyu namfahamu tangu utoto."

Kijana hakuiba kitu. Fundi naye hakuiba. Lakini fundi hakumaliza kazi yake.

Nieleze. Kila laptopu ina namba yake iliyopewa kiwandani. Nje imebandikwa chini ya mashine, au pengine chini ya betri. Ndani imeandikwa kwenye kidude kidogo kilichochomelewa juu ya kadi mama. Humo pia mna jina la aina ya mashine, na namba nyingine ndefu ya herufi na tarakimu 32 ambayo programu huitumia kuitambua mashine hiyo. Na tangu Windows 8 itoke mwaka 2012, mashine nyingi zinazouzwa na Windows yake hubeba ufunguo wa Windows humo humo. Ndiyo sababu mtu hubadilishiwa kadi, kisha Windows ikaanza kumwambia haijathibitishwa.

Ukiweka kadi mpya isiyo na namba, mashine yenyewe hulalamika. Dell huomba namba yake mara ya kwanza inapowashwa. HP na Lenovo nyingi hutoa onyo kwenye skrini kwamba habari za mashine hazipo au si sahihi. Hatari kubwa iko kwenye kadi iliyotumika, kama nyingi tunazowekewa hapa Butembo. Hiyo hailalamiki. Inaendelea kimya kimya na jina la mashine iliyokufa.

Sasa namba ni ya nani? Ni ya mashine nzima, si ya kadi. Kiwanda chenyewe kikibadilisha kadi, fundi wake hurudisha namba ileile ya mwanzo. Basi na sisi tufanye hivyo. Kabla ya kufungua mashine, fundi asome namba iliyobandikwa na kuiandika kwenye karatasi ya mteja. Kama mashine bado inawaka, apige picha ule ukurasa wa mipangilio. Kadi ya zamani asiitupe, maana hata ikiwa imeungua, kile kidude mara nyingi kinaweza kusomwa kwa kifaa cha kusomea ambacho baadhi ya mafundi wetu wanacho. Kisha aandike habari hizo kwenye kadi mpya kwa programu ya aina ya mashine ile, na amwonyeshe mteja kabla ya kupokea pesa.

Mafundi niliozungumza nao walinijibu, "Ndugu mwandishi, hiyo ni kazi ya saa nzima, na mteja hailipii." Nawaelewa. Mmoja aliniambia jambo zito zaidi: anayejua kurudisha namba anajua pia kuibadilisha, na wezi watamfuata awasafishie mashine za watu. Ni kweli. Ndiyo maana nasema fundi arudishe namba iliyobandikwa kwenye mashine hiyo tu, akiwa ameona faktura, na aandike kwenye daftari: tarehe, namba, jina la mteja. Pale ambapo namba haiwezi kurudi, ampe mteja karatasi yenye sahihi inayosema kadi ilibadilishwa. Karatasi hiyo haigharimu hata dolari moja, na ingemwokoa kijana wetu aibu ile yote.

Kuna namba nyingine ambayo mimi mwenyewe niliilipia kwa machozi. Laptopu nyingi za siku hizi hufunga disko kwa siri, na ufunguo wake umefungamana na kadi mama. Kadi ikibadilishwa, mashine huomba tarakimu 48. Yangu iliniomba. Tarakimu hizo zilikuwa zimehifadhiwa kwenye akaunti ya mtu aliyeniuzia, naye alikwisha kusahau neno la siri. Nikapoteza sauti za akina mama niliowarekodi siku za kwanza walipofika hapa, wakitaja majina ya watoto waliopotezana nao njiani. Kadi mpya ilinunuliwa; sauti zile hazinunuliwi. Basi, ninyi mnaohifadhi orodha za familia, picha za vyeti na barua kwenye mashine, tafuteni tarakimu hizo leo, mkiwa bado mnaweza kuiwasha, na mziandike mbali na mashine.

Sisi Wakongomani si wageni wa mambo ya namba za vifaa. Tunakumbuka RAM, ile rejista ya simu iliyoanza mwaka 2020, tukakatwa unite kwa ajili ya namba za simu zetu mpaka ikafutwa mwaka 2022 baada ya malalamiko mengi. Watu wengi walibaki wakidhani namba ya kifaa ni njia ya kuwanyonya tu. Hapana. Ukiiandika wewe mwenyewe, kwa faida yako, namba ni shahidi wako.

Kijana yule alipata bahati. Mkubwa mmoja wa mtaa aliomba watu watulie, fundi akaitwa, akakuta kadi ya zamani bado iko kwenye katoni lake. Jioni ile namba ilirudi mahali pake, na mashine ikauzwa siku ya tatu. Lakini tusijenge juu ya bahati. Katoni lile lingeweza kuwa limekwisha kumwagwa.

Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Familia zilizokimbia zinajua kuliko sisi sote inavyouma kufika kwenye bariere bila kadi ya uchaguzi, ukijijua wewe ni nani na hakuna anayekuamini. Usiku huu, geuza mashine yako, soma namba yake, iandike nyuma ya faktura. Na wewe fundi wangu, kesho ukifungua duka, weka daftari mezani kabla ya bisibisi.