Aliyechorwa Naye Apewe Brashi

PWANI YA KIVU
Na Hassan Nsengimana

Msanii kutoka mbali anafika katika jamii maskini, mara nyingi akiwa amekuja na kanisa au shirika la misaada. Anawachora wenyeji, anauza picha kwao Ulaya au Marekani, na fedha zinarudi zikiwa darasa, mabati au bima ya afya. Huku kwetu magharibi mwa Rwanda macho ya wageni huvutwa sana na wafinyanzi, wale ambao serikali inawaita walioachwa nyuma na historia na majirani bado wanawaita Watwa. Nia ya wasanii hao siidharau hata kidogo. Bati linazuia mvua, hata likitokana na picha. Ila nasema msaada wa namna hii ni nusu tu mpaka aliyechorwa awe na kauli juu ya sura yake, fungu katika mauzo yake, na nafasi ya kushika brashi mwenyewe. Ushahidi wa hilo uko hapa hapa wilayani Rubavu.

Mapadri Weupe walifungua misheni ya Nyundo mwaka 1901. Kama misheni nyingine za Afrika, kazi yao ilitegemea michango ya waumini wa Ulaya, na njia mojawapo ya kuiomba ilikuwa picha: majarida na kadi za posta zenye sura za Waafrika, ambazo mara nyingi chini yake liliandikwa kabila la mtu bila jina lake. Michango ilijenga shule na zahanati, hilo halina ubishi. Lakini Mnyarwanda hawezi kuitazama picha ya aina hiyo akatulia. Tulizoeshwa kumwona mtu kama kielelezo cha kundi, kwa urefu wake na umbo la pua yake, hadi miaka ya 1930 Wabelgiji wakaliandika kundi hilo kwenye kitambulisho cha kila mmoja. Mwaka 1994 kitambulisho hicho kiliangaliwa kwenye vizuizi vya barabarani ili ijulikane nani auawe. Sisemi kadi za posta ziliua watu. Nasema mazoea ya kuonyesha sura na kufuta jina yametugharimu mno, na hayawi salama kwa sababu tu aliyeshika brashi ana upendo.

Nitajibiwa kwamba sanaa ina uhuru wake. Naafiki. Irma Stern, mchoraji wa Afrika Kusini aliyezunguka Kongo na Rwanda mwaka 1942, alimchora mzee mmoja Zanzibar mwaka 1945. Picha hiyo, ikiwa ndani ya fremu ya mbao zilizochongwa Zanzibar, iliuzwa mnadani London mwaka 2011 kwa zaidi ya pauni milioni 3. Mzee anatajwa kama kasisi Mwarabu, basi. Hata hivyo Stern hakumwahidi mtu msaada. Alikuwa akifanya kazi yake ya uchoraji. Anayesimama mbele ya waumini na turubai, akiwaambia wanunue kwa kuwa fedha ni za hao wanaowaona, ameweka ahadi. Hesabu ya ahadi hiyo anadaiwa na yule aliyeketi akachorwa.

Njia nyingine ipo, na mfano wa kwanza ni Nyundo hiyo hiyo. Mwaka 1952 ilikuwa vikariati mpya chini ya Askofu Aloys Bigirumwami, Mwafrika wa kwanza kupewa uaskofu katika nchi zilizotawaliwa na Wabelgiji. Mwaka huo huo Mbelgiji Marc Wallenda alianzisha hapo shule ya sanaa. Angeweza kutuchora, akajaza turubai kwa milima na ng'ombe wetu, na wanunuzi wangepatikana. Alichagua kufundisha. Askofu mwenyewe alikuwa akikusanya ngano na mila za Wanyarwanda na kuzichapa kwa Kinyarwanda, kwa hiyo wazo la mwenyeji kujieleza lilikuwa na mlezi kwenye kilima kile.

Mfano wa pili ni shamba la Mugongo. Rosamond Carr, Mmarekani aliyekuwa mchoraji wa mitindo ya mavazi New York kabla ya kuja Afrika mwaka 1949, alifungua kituo cha yatima cha Imbabazi Desemba 1994, katika jengo la kukaushia pareto shambani mwake. Mwaka 2000 mpiga picha David Jiranek aliwapa watoto wa Imbabazi kamera za kutumia mara moja na kutupa. Picha zilisafishwa, wenyewe wakazipanga kwenye albamu na kuzibandika ukutani. Mwaka uliofuata zilionyeshwa Kigali, na mapato yakaenda kwenye elimu yao. Wanaosema wafadhili hawatoi kitu bila kuonyeshwa sura wana haki, lakini hapa sura zilionekana na fedha zikapatikana, tena waliozipiga ni watoto wenyewe. Kwamba waanzilishi walikuwa wageni hainisumbui. Ninachouliza ni kamera ilibaki mikononi mwa nani.

Suala la nani ashike brashi lina uzito zaidi ya heshima peke yake. Msitu wa Gishwati ulikuwa na hekta zipatazo 28,000 miaka ya 1970. Mwanzoni mwa karne hii zilibaki kama 600. Watwa walioishi kwa msitu ule walitoka bila ardhi ya kuwatosha, wakashikilia ufinyanzi. Kisha mabonde ya udongo nayo yakageuzwa mashamba, na ndoo za plastiki zikachukua soko la vyungu. Mgeni huchora mikono iliyojaa udongo kwa sababu inapendeza. Mfinyanzi anajua udongo ule umetoka wapi, umebebwa umbali gani, na bonde lipi halimruhusu tena kuchimba. Picha aliyoichora mwenyewe ingemfundisha mfadhili kitu ambacho picha ya mgeni haina.

Kwa hiyo naziomba parokia na mashirika ya Rubavu: picha yoyote itakayotundikwa kwa ajili ya kuchangisha fedha iwe na jina la aliyechorwa, kama ameridhia, na fungu lake la mauzo likubaliwe kabla rangi haijafunguliwa. Na shule ya sanaa ya Nyundo bado ipo. Anayetaka kununua picha ya mtoto wa mfinyanzi aanze kwa kumlipia karo ya pale.