Sentimita 75 kwa 30: Jibu la Swali Lipi?

Mwanafunzi wa kilimo akiulizwa nafasi ya kupandia mahindi, aghalabu hujibu bila kusita: sentimita 75 kati ya mistari na 30 kati ya mashina. Jibu hilo humpatia alama, lakini si maarifa. Kwani vipimo hivyo hufundishwa kana kwamba ni sifa ya mmea wenyewe, ilhali hutegemea maji yaliyopo na haja ya mkulima.

Hesabu yake ni nyepesi. Kwa nafasi hiyo hekta moja huchukua mashina 44,444. (Sentimita 90 kwa 50, mimea miwili kila shimo, huleta idadi ile ile, si wengi waonyeshwao jambo hilo darasani.) Milimita moja ya mvua ni lita moja kwa kila mita ya mraba, basi kila shina hupata lita 0.225. Nafasi ikipunguzwa kuwa 60 kwa 20, mashina huwa 83,333, na fungu la kila moja hushuka hadi lita 0.12.

Msongamano wa namna hii huyafaa mahindi machanga ya mboga, ambayo vigunzi vyake huchumwa siku moja hadi tatu baada ya ndevu kuchomoza. Hayangoji punje zijae, wala hayahitaji chavua, ambayo mahindi ya nafaka yakiikosa kwa ukame gunzi hubaki na mapengo. Hata hivyo, yasidhaniwe kuwa hayaoni kiu. Shina lililokaukiwa huchelewa kutoa ndevu, na mengine hayazai kabisa, hasa yaliyobanana.

Watetezi wa msongamano husema kwamba kivuli cha majani huzuia udongo kukauka. Ni kweli, lakini majani hayo hayo hunywa akiba ya udongo mapema zaidi. Penye mfereji wa uhakika hilo si tatizo. Dodoma, ambako mvua ya mwaka mzima haizidi sana milimita 600 nayo hukatika ghafla, ni kumponza mkulima kumshauri abananishe mimea pasipo kumwuliza atamwagilia kwa nini.

Shule haihitaji maabara kulichunguza jambo hili. Vitalu vinne vyatosha: nafasi mbili, kila moja ikimwagiliwa ndoo nyingi katika kitalu kimoja na chache katika kingine. Vigunzi vihesabiwe, vipimwe uzito, na mashina tasa yaandikwe pia.